Vijana wafunzwe usanifu kwa programu huria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wanaofundisha vijana wetu usanifu wa picha na mabango, hasa huku Eastlands. Mimi nina chumba kidogo cha kazi Nyamakima, juu ya duka la mbegu. Ni mwaka wa kumi na moja sasa natengeneza kadi za harusi, fulana za vyama na, kuliko vyote, vijitabu vya mazishi.

Vijana hunijia wakitafuta kibarua, cheti mkononi. Nikiwakalisha mbele ya kompyuta yangu ya Linux Mint, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, yaani ulioruhusiwa kutumiwa na kunakiliwa na yeyote, swali lao la kwanza ni ile programu waliyofunzwa iko wapi. Programu yenyewe ni ya kulipia kila mwezi, na wao walifunzwa kwa nakala iliyovunjwa kufuli, iliyopita kwenye flashi kutoka darasa hadi darasa. Kuilipia hawawezi, basi wanarudi kwenye nakala ya wizi. Nami niliitumia nakala kama hiyo hadi 2019. Usiku mmoja virusi vilivyoingia nayo vilifunga faili zangu zote, na kati yake kilikuwamo kijitabu cha mzee aliyekuwa akizikwa Murang'a kesho yake saa nne. Alizikwa bila kijitabu. Nilipompigia bintiye kumweleza, alinyamaza muda mrefu, na kimya kile sijakisahau.

Nilipohamia Linux nilihangaika miezi kadhaa kwa sababu nilitaka programu moja inifanyie yote. Haipo, na anayeanza aambiwe hivyo siku ya kwanza. Kutengeneza picha iliyopigwa ni kazi moja, kuchora picha ambayo haikuwapo ni kazi nyingine.

Chukua kijitabu cha mazishi. Familia huja na picha moja tu ya marehemu, mara nyingi ya kitambulisho, imekunjwa katikati. Au mtu ameipiga kwa simu kutoka ukutani, kioo kinang'aa usoni pa mama wa watu. Hapo mimi hufungua GIMP, programu huria ya kutengeneza picha zilizopigwa. Ina zana ya kuponya, inayochukua ngozi safi ya shavu na kufunika mkunjo huku ikilinganisha mwanga wa pale inapopaka. Ina pia zana ya kunakili, inayohamisha sehemu jinsi ilivyo. Wanafunzi huzichanganya. Ukiponya karibu na kola nyeupe, weupe unavuja hadi shingoni. Ukifika ukingoni pale, nakili. Na tangu toleo la 3.0 litoke Machi 2025, kichujio, yaani badiliko la mwanga au rangi, hukaa juu ya tabaka (moja ya karatasi zinazopangwa juu ya nyingine kuunda picha) bila kuigusa picha yenyewe. Kwangu hilo ni kubwa, maana hakuna familia isiyorudi kusema, "Mama hakuwa mweupe hivyo." Zamani ningeanza upya. Siku hizi narekebisha kipimo kimoja tu, nao wanamwona mama yao. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, California, na huwa nawaambia vijana hivyo makusudi: walikuwa wanafunzi.

Lakini mtoto wa kaka yangu, anayebuni michoro ya matatu, alishindwa na GIMP kabisa. Aliniambia, "Shangazi, hii inanikatiza mkono." Alisema kweli. Nilimwekea Krita, iliyotengenezwa kwa ajili ya wachoraji. Akibofya kitufe cha kulia cha kipanya, brashi na rangi zinamzunguka pale pale alipo. Kuna kiimarishi kinachotuliza mstari unaotetemeka, na kuna namna ya kuchora ambapo mchoro unaotoka upande mmoja unaingilia upande wa pili, hata unapata urembo unaojirudia kama wa kitenge bila kuona maungio. Krita pia inakuruhusu kufanya kazi moja kwa moja katika rangi nne za mashine ya kuchapia, wakati GIMP huhariri kwa rangi za skrini. Niliyajua haya baada ya fulana za kwaya moja kutoka na zambarau iliyofifia.

Asiyekuwa na kompyuta kubwa apige hesabu kwanza. Ukurasa wa A4 wenye nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, na tabaka moja iliyojaa hula karibu megabaiti 35 za kumbukumbu. A3 ni mara mbili yake. Kwa gigabaiti 4 tulizozoea kwenye kompyuta za mitumba, tabaka ishirini za A3 zitakufanya ungoje sana. Unganisha zilizokwisha kazi.

Kuhusu nembo na bango la duka, sitasema mengi: tumia Inkscape. Yenyewe huchora kwa mistari inayokokotolewa, kwa hiyo nembo ya kadi ya biashara inafika ukubwa wa ukuta bila kuparara. Na anayetaka tu kukata ukingo wa picha ya pasipoti asijisumbue na yote haya. Programu ndogo ya Pinta inamtosha.

Walimu wangu, hizi zote ni huria. Leseni inamruhusu mwanafunzi kuitumia programu kazini, kuinakili na kumpa mwenzake, bila kuiba. Krita kwa Linux hutolewa hata kama faili moja ya AppImage: unainakili, unairuhusu iendeshwe, inafunguka, na mwanafunzi hachomi bando. Ada mnazowatoza wazazi zimfikishe kijana kwenye chombo atakachobaki nacho akitoka darasani. Mwalimu anayetaka faili hizo aje Nyamakima na flashi yake, sitamtoza kitu. Aje siku yoyote isipokuwa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi tunachapa vijitabu vya mazishi ya Ijumaa na Jumamosi.

Mtengenezaji wa vijitabu,
Nyamakima, Nairobi