Barua ya malalamiko: ampli ya wati 1200 inayokula wati 150

Lubumbashi, Commune ya Kamalondo

Kwa Bwana Meneja wa duka

Kuhusu: kubadilishiwa ampli (mashine ya kukuza sauti ya muziki) na kutengenezewa bafle (spika)

Bwana Meneja,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu ampli mpya ya stereo kwa dola 180, fakitire (risiti) ninayo. Nilieleza mapema ninachotafuta: ampli ya sebuleni, ya kusikilizia santuri zangu za rumba na za magitaa makavu ya Katanga ya miaka ya 1950. Bafle nilizonazo niliziandika kwenye karatasi: omu 4 (omu hupima jinsi bafle inavyozuia umeme), wati 100 RMS, yaani za mfululizo, na desibeli 87, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja. Kijana wenu aliisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia. "Papa, hii inabebaka bafle yote," akasema, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye katoni, palipoandikwa 1200 W kwa tarakimu kubwa kama za basi.

Pembeni palikuwa na ampli nyingine, ya mtumba kutoka Ulaya, dola 220. Nyuma yake imeandikwa 2 x 60 W, omu 4. Nilikwisha kuishika mkononi. Kijana akacheka: "Hiyo ni ya wati sitini tu, Papa." Basi nikauziwa ya 1200.

Bwana Meneja, naomba uigeuze ampli moja kama yangu uangalie mgongo wake, karibu na waya wa umeme. Imeandikwa: 220 V, 50 Hz, 150 W. Hizo 150 ndizo inazovuta ukutani. Chombo kinachopokea wati 150 hakiwezi kutoa 1200 mfululizo, na hata hizo 150 hazifiki zote kwenye bafle, kwa sababu sehemu kubwa inaishia kuwa joto. Kisha urudi kwenye katoni. Chini ya ile 1200 kuna herufi nne ndogo mno, PMPO. Wati za PMPO hazina kipimo ambacho watengenezaji wamekubaliana. Kila mmoja anapiga hesabu apendavyo. Wati za RMS ni jambo lingine: zinaonyesha ampli inatoa nini mfululizo, kwa omu zilizotajwa, kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kwa hiyo 1200 na 60 zilizokaa kwenye rafu yenu hazikuwa zikipima kitu kimoja, na anayeziweka sambamba mbele ya mnunuzi anampoteza. Marekani waliliona hili zamani: tangu 1974 anayetangaza wati za ampli ya nyumbani anatakiwa kutaja wati za mfululizo na omu zake.

Nimeipeleka kwa fundi wa Commune ya Kenya, hapa hapa mjini, mwenye osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Kwa mzigo wa omu 8 kila upande, ilifika volti 18, kisha vichwa vya mawimbi vikaanza kukatika. Piga 18 mara 18, gawa kwa 8: wati 40 na nusu. Pande mbili zinafanya 81, na hiyo inaendana vizuri na 150 za mgongoni. Mtengenezaji anajua ukweli. Ameuandika nyuma, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Wala wati 40 si aibu. Kwa sebule yangu zingetosha na kubaki, maana kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Shida kubwa ni omu. Fundi alipobandua etiketi yenu ya bei, chini yake palitokea maandishi mengine: 8 – 16 Ω, yaani omu 8 hadi 16. Ampli hii haikutengenezwa kwa bafle za omu 4. Omu zikipungua kwa nusu, ampli inadaiwa mkondo mara mbili, na yangu haikuwa nao. Ubavu wake ulichemka hadi mkono haukai, sauti ikaanza kukwaruza hata kabla kitufe hakijafika nusu, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya bafle ya kushoto ikanyamaza. Fundi ameipima: koili, waya wake wa ndani uliozungushwa, imekatika. Mawimbi yakikatwa vichwa huzaa sauti za juu ambazo hazimo kwenye santuri, na nyingi hukimbilia twita, yenye waya mwembamba kuliko wote ndani ya bafle.

Nilipokuja kulalamika niliambiwa kosa ni la umeme wa mjini. Umeme wa Lubumbashi tunaujua sote, ndiyo maana ampli yangu inapita kwenye stabilizeta, chombo cha kutuliza umeme, na sindano yake inakaa kwenye 220. Tena hata umeme ungeshuka, usingebadilisha maandishi ya 8 – 16 Ω.

Baadaye nikaonyeshwa mstari wa chini ya fakitire: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mstari huo ungekuwa na haki kama ningekuwa nimechoka na rangi ya ampli. Lakini sheria ya kiraia ya nchi yetu, katika kitabu chake cha tatu kinachotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, inamdai muuzaji adhamini kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Hii ilifichwa kwa etiketi yenu wenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Mpokee ampli hii, mnipe ile ya mtumba ya 2 x 60 W. Dola 40 za tofauti nitaziongeza mwenyewe. Twita mpya ya bafle ya kushoto iwe juu yenu. Na etiketi za bei mzibandike upande mwingine, popote pasipo na maandishi ya omu.

Nitafika Jumamosi asubuhi na ampli, katoni, fakitire na karatasi ya vipimo ya fundi. Kama ile ya mtumba bado ipo kwenye rafu, tafadhali niwekeeni.

Mteja wenu wa Kamalondo