Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: baba aliharisha damu tukaambiwa utumbo umeamka

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Yah: kipimo cha kamera ya utumbo alichocheleweshewa baba yangu baada ya operesheni

Barua mbili nimeleta masjala zikagongwa muhuri, sijajibiwa. Na wewe mwenyewe ulinisimamisha kwenye korido ukaniambia "binti yangu nipe wiki mbili", leo ni mwezi wa tano toka siku ile. Nilishaamua kunyamaza. Ila Jumatatu nimempeleka mzee kliniki, tuko kwenye benchi toka saa 12 asubuhi, pembeni yetu kuna mama ambaye mumewe kafanyiwa operesheni ileile ya baba, ya mshipa mkubwa wa damu wa tumboni, juzi tu, anaongea na simu kwa furaha kwamba mzee ameshapata choo, cha majimaji, nesi kasema ni dalili nzuri. Mwili ulinisisimka. Nilimshika mkono nikamwambia mama yangu rudi wodini sasa hivi, uliza hicho choo kina rangi gani.

Maana ndo maneno tuliyoambiwa sisi.

Baba ana miaka 71 na amevuta sigara toka ujana. Alienda kupima tezi dume, ultrasaundi ikaonyesha mshipa mkubwa wa damu wa tumboni, aota, umetuna. Kawaida pale una upana wa kama sentimita 2, wake ulikuwa 6.1, na kwa mwanaume ukifika 5.5 ndo wanashauri operesheni kwasababu ukipasuka wengi hata hospitali hawafiki. Hakuwa anaumwa popote, aliingia kwako kwa miguu yake. Tarehe ilipangwa, grupu la familia likachanga, vijana wakatoa damu. Haikuwa dharura ya usiku wa manane, na ndo inaponiuma.

Daktari aliyempasua simlaumu. Alituchorea kwenye karatasi jinsi anavyobana mshipa na kushonea bomba la kitambaa, akatuonyesha kuna kamshipa kanatokea palepale kwenye uvimbe kanapeleka damu utumbo mpana upande wa kushoto, mara nyingi kanafungwa, utumbo unabaki kutegemea mishipa ya jirani na kwa wengi inatosha. Katika operesheni 100 za kupangwa kama hii, mmoja hadi watatu hivi utumbo unakosa damu. Tukasaini. Dalili zake ndo hakuna aliyetutajia.

Alipasuliwa Jumanne. Jumatano usiku nambadilisha shuka nakuta doa rangi ya juisi ya rozela, na harufu sijawahi kuisikia. Nikamwita nesi, akafurahi kabisa, "afadhali, utumbo umeamka". Na mimi nikashukuru Mungu! Nimekuja kuelewa baadaye, kwa kuuliza huku na kule, kwamba baada ya operesheni hii utumbo kwa kawaida unalala siku kadhaa, mgonjwa anasubiriwa kwanza atoe upepo, kwahiyo akiharisha siku ya kwanza au ya pili, tena damu, hapo ni kuita kamera haraka.

Alhamisi tumbo likawa gumu, anashika chini kushoto anakunja uso. Tukaambiwa gesi. Ijumaa ilikuwa sikukuu, nahisi mtu wa kamera hakuwepo au hakuna aliyetaka kumpigia simu, nahisi tu maana nyie hamjanijibu. Jumamosi ikaja zamu nyingine, daktari kijana akasikiliza dakika mbili akaleta ule mpira wenye kamera, akauingiza njia ya haja kubwa baba akiwa palepale kitandani. Haikuchukua hata robo saa. Utumbo ulikuwa umeshakuwa mweusi. Akarudishwa chumba cha upasuaji wakaukata, akatoka na mfuko wa choo ubavuni. Ukifikia hatua ile wengi hawaponi, wetu kapona, alhamdulillah.

Lakini amepona vipi mheshimiwa? Mifuko ikiisha dirishani kwenu, kama ilivyoisha tena hiyo Jumatatu, tunafunga nailoni ya mkate na plasta. Mzee aliyekuwa haikosi safu ya mbele msikitini sasa anaswali chumbani, mlango kaubana.

Pesa zako sizitaki. Nesi yule asifukuzwe, alikuwa peke yake na wodi nzima. Naomba kitu kimoja, iandikwe ukutani kwenye kila wodi wanayolazwa hawa wagonjwa: aliyetengenezwa aota akiharisha mapema au akitoa damu, daktari mkubwa aitwe na kamera ipigwe siku hiyohiyo, iwe sikukuu, iwe usiku. Siku hiyohiyo mheshimiwa. Nakuomba kwa heshima zote, siku hiyohiyo.

Na yule mzee wa Jumatatu, amepigwa kamera? Mkewe hapokei simu yangu toka jana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa wa kitanda namba 9