Kwa vijana wa baraza yetu Kibokoni, juu ya ile fujo ya Jumamosi

Wanangu, assalam aleikum.

Mimi si mtu wa kuandika andika, mjukuu wangu ndiye kanifungulia hii simu na yuko hapa anicheka nnavyotafuta herufi kwa kidole kimoja, lakini ile ya Jumamosi usiku imenikaa kifuani na pale pale skuweza kusema manake kila mtu alikuwa apiga kelele. Mlianza na mpira, sjui mkafikaje Somalia, mara mmoja kasimama asema jeshi letu la Kenya liko kule kwa ajili ya sukari na makaa, mwenzake akamwita shababi, yaani mtu wa Al-Shabaab, huyu naye akamrudishia kibaraka, dele ya kahawa ikapigwa kumbo, vikombe vinne vya muuza kahawa vikavunjika na kahawa ya moto ikamwagikia mguu wa mtoto wa watu asiyehusika na lolote.

Naanza na hilo neno shababi.

Hapa Mombasa hilo si tusi la kutaniana. Wengi wenu 2012 mlikuwa wadogo bado mwaenda chuoni na juzuu kwapani, hamkumbuki ile Agosti Sheikh Aboud Rogo, yule mhubiri aliyeshutumiwa kuwaunga mkono Al-Shabaab, alipopigwa risasi ndani ya gari na familia yake mumo, mji ukawaka, makanisa yakavamiwa na hao waumini hawakuwa wamemfanyia mtu chochote. Hamkumbuki Februari 2014 polisi walivyoingia Masjid Musa, vijana wakabebwa kwa malori, wengine watoto kabisa. Wako kina mama mji huu huu mpaka leo hawajui mtoto yuko hai ama amekufa, eda hawakai wala hitma hawasomi. Sasa wewe wamwita mwenzako jina hilo barabarani, usiku, sauti yafika mpaka kwenye kona, kwa sababu gani? Kwa sababu kauliza swali kuhusu sirikali. Ukimchukia mtu mchukie, lakini usimpeleke kaburini kwa mdomo.

Na wewe uliyesema sukari, nawe una lako. Ulitazama nani amekaa pale pembeni ya mlango? Yule mkimya asiyemaliza kikombe. Mjombake alikuwa El Adde, ile kambi ya jeshi letu kule Gedo, Somalia, iliyovamiwa na Al-Shabaab alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016. Nilikwenda kukaa na wale watu, mamake yule askari alikuwa amefunga simu ndani ya leso kiunoni, kila baada ya dakika mbili aifungua atazama aifunga tena, na simu hiyo haikulia. Halafu wewe waja wasema alikufa kwa ajili ya gunia la sukari. Hata kama ni kweli, hayo si maneno ya kusemwa na mtu yuatafuna kashata.

Na kama ni kweli ama si kweli, hebu tutizame. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini miaka 31, sukari naijua kuliko nyinyi. Sukari ya magendo kutoka Kismayu, bandari ya kusini mwa Somalia, ilikuwa ikiingia Garissa tangu Siad Barre hajamaliza kuondoka, jeshi halijavuka hata mpaka, kwa hivyo mtu akiniambia vita vilianzishwa kwa ajili ya sukari namwambia hapana, hajaniridhisha. Vita vilianza Oktoba 2011, na kabla yake ilikuwa ni Lamu: Septemba Mwingereza kauawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, Oktoba yule mama wa Kifaransa mlemavu akachukuliwa Manda na akafia huko, halafu Wahispania wawili wa msaada wakatekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Siku mbili baadaye mawaziri Saitoti na Yusuf Haji wametoka kutangaza, kesho yake magari yashavuka. Watu wa Lamu mlio pale barazani mwajua hoteli zilivyofungwa. Na wako waliosema ile mipango ya kuifanya Jubaland, lile jimbo la Somalia linalopakana nasi, iwe kama ukuta ilikuwa mezani zamani, utekaji ulikuwa ni kisingizio tu. Yawezekana pia. Jeshi lenyewe lilivuka msimu wa mvua likakwama kwenye matope, mtu aliyejipanga miaka miwili angalau angetizama mawingu.

Lakini sikizeni, hapa ndipo mnapopoteana. Sababu ya kuingia ni moja na sababu ya kukaa ni nyengine. Kismayu ilichukuliwa mwisho wa Septemba 2012, na Februari ya mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ulikuwa ushapiga marufuku makaa ya Somalia, na baada ya hapo wachunguzi wao wenyewe wakaandika makaa yaendelea kutoka bandari ile ile. 2015 wakatoka waandishi wa habari na ripoti kuwa jeshi letu lala pesa za sukari ya magendo, jeshi likakanusha. Mtu aweza kuingia nyumba ya jirani kuzima moto, kweli kabisa, nia safi, halafu akaona friji imejaa akakaa. Kwa hivyo wewe wa Lamu wasema kweli na wewe wa sukari pengine wasema kweli, na mwapigana.

Mimi bandarini skuwahi kuulizwa huyu mwenye mchele amenunua kwa nia gani. Nia ya mtu nitaijulia wapi? Kazi yangu ilikuwa ni moja, karatasi yasema magunia 4,000, je yameshuka magunia 4,000? Yakipungua matatu hatusaini, hata aje bwana mkubwa na suti. Na mwajua ni nani aliyekuwa akitaka sana tuongee habari za nia? Ni yule mwenye magunia yamepungua. Atakupigia kahawa, atakuambia oh mimi mtu mwema, mimi mzalendo, mwisho wa siku hujahesabu.

Hesabu ya El Adde mpaka leo sirikali haijaitoa. Rais wa Somalia wakati ule, Hassan Sheikh, alisema kwenye televisheni ni kama 180 au 200, wetu wakasema si kweli, sawa, si kweli, basi ni wangapi? Kuulizia idadi ya wanajeshi waliokufa si kutukana jeshi, yule mama na leso lake ndiye wa kwanza anayetaka kujua. Katiba ya 2010 kifungu cha 240 yataka idhini ya bunge kabla jeshi halijapelekwa nje, na 2011 wabunge walijadili watu washavuka. Tulitoka Linda Nchi, ile operesheni yetu wenyewe, tukaingia AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, 2022 ikaitwa ATMIS, 2025 ikaitwa AUSSOM, jina labadilishwa kama kibao cha matatu na ruti ni ile ile. Lini mwisho? Mbunge wenu mwamwona kila msiba, mmewahi kumuuliza hilo? Nyinyi mwamuuliza bursary tu, na bursary ni muhimu, sisemi.

Mimi maoni yangu, kwa vile mtaniuliza: wangerudi. Nilikuwa naunga mkono mwanzo, sifichi, lakini baada ya mashambulizi ya Westgate, Mpeketoni, halafu wale watu 148 waliouawa chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, nlianza kujiuliza hii linda nchi imelinda nini. Mwenye maoni mengine aje anipinge, lakini aje na hesabu, asije na majina.

Vikombe nimenunua sita pale Marikiti, viko kwangu. Muuza kahawa hataki pesa, ataka vikombe, na ataka kuwaona. Nyinyi wawili, mwajijua, mje Ijumaa baada ya Alasiri muvichukue mumpelekee. Mje pamoja. Akija mmoja peke yake simpi.

Babu yenu wa mlango wa kijani