Deraya ya shujaa wako

Wete, Pemba

Kwa ndugu yangu Makame,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wewe na wote wa nyumbani, na mama tafadhali mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo.

Huu ni mwezi wa tano hatujaandikiana. Kombo anasema umekasirika, Faki anasema umezidiwa na kazi tu, lakini mimi ninajua kwamba tangu usiku ule wa mchezo wetu wa dadu wa kuigiza mashujaa, nilipohukumu, mimi mwamuzi, kuwa shujaa wako amekwama katika matope ya mikoko na hawezi kuinuka kwa uzito wa deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita, hukugusa dadu tena. Uliikunja karatasi yenye sifa zake, ukaitia mfukoni, ukaondoka na chai hujaimaliza. Nakuandikia kukiri kwamba nilikudhulumu, ingawa si katika yote.

Nilikirudia kitabu cha kanuni za mchezo wetu huo, Dungeons & Dragons, lile toleo la tano tunalolitumia. Kimeandika waziwazi kwamba aliyeanguka huinuka kwa kutoa nusu ya mwendo wake wa zamu ile, wala hakikumtenga aliyevaa deraya. Deraya kamili ya mabamba ina ratili 65, yaani kiasi cha kilo 29, na mwenye alama za nguvu 15 kwenda juu haimpunguzii mwendo hata kidogo. Shujaa wako ana 17. Hukumu yangu, basi, niliitoa wapi? Niliitoa katika ile hadithi ya kwamba mashujaa wa Ulaya walikuwa wakipandishwa farasi kwa winchi, kama magunia ya karafuu bandarini, hadithi ambayo nimegundua kuwa haina msingi. Deraya nyingi za vita za karne ya 15 zilikuwa na kilo 15 hadi 25, na uzito huo ulitawanywa mwili mzima, kila bamba likifungwa kwa mikanda penye kiungo chake, hata mvaaji akaweza kukimbia, kupanda ngazi na kuinuka mwenyewe alipoanguka.

Sikutosheka na kusoma. Nilinunua mfuko wa mchele wa kilo 25 nikaubeba begani hadi nyumbani, nikafika shingo imepinda. Siku ya pili nilipima mchanga wa uzito ule ule, nikaugawa katika vifuko alivyonishonea mke wangu huku akiguna, nikavifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli kifuani, mapajani, mikononi na miguuni, kisha nikateremka bandarini na kupanda tena kilima chote. Nilipofika uani nililala chali nikainuka peke yangu, bila ya kushika ukuta, mbele ya watoto wa Kombo, ambao hadi leo wananiita Bwana Mchanga.

Lakini jasho, Makame! Fulana niliikamua kama niliyeitoa kwenye beseni. Na mimi sikuwa nimevaa lile vazi la kitani la matabaka mengi lililoshonwa kwa kushindiliwa, ambalo wenzetu wa Ulaya wa zamani walilivaa chini ya chuma ili pigo lisiwavunje mifupa. Kwa hiyo uzito nimeufuta, ila joto la pwani yetu sitalifuta, na matope pia siyafuti. Katika vita vya Agincourt, huko Ufaransa, mwaka 1415, Wafaransa walitembea na deraya zao katika shamba lililolimwa likanyeshewa mvua, wakawafikia Waingereza pumzi zimekwisha, na wengine walikufa kwa kukandamizwa na kukosa hewa bila ya kuguswa na upanga. Shujaa wako anaweza kuinuka, nami nakubali, lakini atainuka anahema.

Kuhusu upanga wako wa mikono miwili, hapo bado nabishana nawe. Ulitaka umpasue jemadari wa mazimwi kifua chake cha chuma kama mtu apasuaye dafu, jambo ambalo upanga hauliwezi. Waliojua kazi waliushika upanga katikati ya bapa kwa mkono mmoja, wakauongoza kama mkuki mfupi kwenye kwapa, kwenye kinena au kwenye tundu za macho za chapeo, au waliuacha kabisa wakachukua nyundo ya vita. Mchezo wetu umeificha tofauti hii, kwa sababu kinga ya 18, yaani hesabu ambayo dadu ya mshambulizi lazima iifikie, ni 18 tu, upige kwa nyundo au kwa upanga, nami nafikiri tujiwekee kanuni yetu kwamba nyundo na rungu la chuma vinaongeza mbili kwenye dadu ya mshambulizi mbele ya mabamba. Nitakupa nyundo bure. (Faki naye ameing'ang'ania ile ngozi yake yenye vichwa vya misumari, kama mlango wa Mji Mkongwe, nami nimeshindwa kumweleza kwamba katika vazi la kweli la namna hiyo misumari ilishikilia vipande vya chuma vilivyofichwa kwa ndani, na bila ya chuma hicho ni pambo tu.)

Tangu ulipoondoka hatujacheza. Kombo alitaka tuendelee, nami nikakataa, kwa kuwa kifo cha shujaa wako sikukiandika popote. Bado amelala pale kwenye mikoko, mkuki wa zimwi umeinuliwa lakini haujashuka, na zamu ni yako.

Je, karatasi yake bado unayo, au uliichana kwa hasira? Utavuka kuja Pemba Sikukuu ya Idi, na kama utakuja, utakaa siku ngapi? Nyundo unaikubali, au bado unaupenda huo upanga wako? Zile sarafu 1,500 za dhahabu ulizolipia deraya, unataka nikurejeshee nusu kwa fidia? Na dadu nyekundu yenye pande 20, ambayo haijaonekana tangu usiku ule, hukuitia mfukoni pamoja na karatasi?

Wasalaam,

Nduguyo Hamadi