Kwa Nini Pampu Huamka Yenyewe Umeme Unaporudi: Somo la Kwanza la Elektroniki ya Kidijitali

Mteja wetu mmoja wa Ibanda, mjini Bukavu, alituletea kadi, yaani ubao wa saketi, inayoongoza pampu ya tangi lake la maji. Lalamiko lake lilikuwa kwamba umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika na kurudi, siku nyingine pampu huanza kazi papo hapo na siku nyingine hubaki kimya, ilhali maji tangini yako katika kimo kilekile. Mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa koili, na transista inayoiwasha kabla ya kadi hiyo kufika katika karakana yetu, na hali ilibaki vilevile. Tulipoipima hatukukuta kifaa hata kimoja kilichoungua. Kadi ilikuwa nzima, ila ilisanifiwa bila jambo moja ambalo mwanafunzi hulipata katika wiki zake za mwanzo za elektroniki ya kidijitali, nasi tunalieleza hapa kwa sababu ndilo linalotufanya tuanze darasa letu la Jumamosi na tangi la maji.

Katika saketi za kidijitali kila waya husomwa kuwa 0 au 1. Kwa chipu ya 4011 inayotumia volti 5, kiingilio chenye chini ya volti 1.5 ni 0, chenye zaidi ya volti 3.5 ni 1, na kati ya hapo chipu haitoi dhamana yoyote. Ndani yake mna milango minne ya mantiki, yaani sehemu zinazotoa 0 au 1 kulingana na viingilio vyake, yote ya aina moja ya SI-NA, ambayo mafundi huiita NAND. Lango hilo hutoa 0 pale tu viingilio vyake vyote viwili vikiwa 1. Katika hali nyingine zote hutoa 1. Ukiunganisha viingilio vyake viwili pamoja unapata lango la SI, linalogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, na kwa kuyapanga malango hayo vizuri unaweza kutengeneza lango lingine lolote.

Sasa turudi kwenye tangi. Lina maboya mawili, moja la chini na moja la juu, na kila boya hutoa 1 likifikiwa na maji. Tunamwomba mwanafunzi aandike jedwali la ukweli la pampu, yaani orodha ya kila hali ya maboya na kinachopaswa kufanywa na pampu. Maboya yote yakiwa 0, tangi ni tupu na pampu iwake. Yote yakiwa 1, tangi limejaa na pampu izime. Boya la juu likiwa 1 na la chini 0, boya moja limekwama, kwa kuwa maji hayawezi kufika juu bila kupita chini. Inabaki safu ya nne, ambapo la chini ni 1 na la juu ni 0, na hapo kalamu husimama: ikiwa maji yanapanda, pampu iendelee, ikiwa yanashuka, ibaki imezimwa. Maboya yanasema jambo lilelile katika hali zote mbili, kwa hiyo hakuna mpangilio wa milango inayotazama maboya peke yake utakaojibu. Saketi inapaswa kukumbuka ilichokuwa ikifanya.

Kumbukumbu hiyo hupatikana kwa milango miwili ya SI-NA, kila mmoja ukipokea tokeo la mwenzake. Waliosoma shule za ufundi kwa Kifaransa wanaijua kama bascule, na wengi wao wameichora mara nyingi bila kuigusa kwa mkono. Boya la chini likishuka hadi 0 huiwasha. Boya la juu, baada ya kugeuzwa na lango la tatu, huizima. Kati ya hapo hushikilia hali yake. Lango la nne tunalitumia kugeuza tokeo la lango la kumbukumbu linalopokea amri ya kuzima ili ndilo liongoze pampu. Faida yake ni kubwa kuliko linavyoonekana: boya la juu likikwama katika 1 wakati tangi ni tupu, matokeo yote mawili ya kumbukumbu huwa 1, na kwa mpangilio huu pampu huzima. Ukichukua tokeo la upande mwingine, pampu itawaka ingawa boya limekwama.

Kasoro ya kadi ya mteja wetu ilikuwa katika safu ileile ya nne. Umeme ukikatika, kumbukumbu hufutika, na ukirudi wakati maji yako katikati, hakuna boya linaloiamuru, hivyo huamka upande wowote. Tuliweka kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, ya mikrofaradi 10 kati ya chanya na kiingilio cha boya la juu, pamoja na rezista ya kilo-omu 100 kwenda hasi. Kapasita inapochajiwa, kiingilio hicho husomeka 1, kwa hiyo kwa takriban sekunde moja baada ya umeme kurudi, saketi hudhani tangi limejaa na kuzima pampu. Kisha husoma maboya kama kawaida. Vifaa hivyo viwili ni vya bei ndogo sana, na tunasikitika kwamba mteja alikwisha kulipia matengenezo mawili yasiyohusika.

Tokeo la 4011 haliwezi kuendesha rilei moja kwa moja, kwani koili yake huhitaji makumi ya miliampea huku lango likitoa chache tu. Transista huwekwa kati yao, na diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili ili kuilinda transista hiyo.

Darasa hufundishwa kwa Kiswahili, huku majina ya Kifaransa yakitajwa kwa ajili ya wanaojiandaa kwa mitihani. Kila mwanafunzi hupewa chipu, ubao wa majaribio na mita, na hatuhamii kwenye vidhibiti vya kuprogramu kabla hajaijenga saketi ya tangi na kuieleza safu kwa safu. Mwenye kadi ya pampu inayofanana na hiyo ailete pamoja na maboya yake, kwa kuwa bila maboya hatuwezi kujua kama yanatoa 1 yakiinuka au yakishuka.