Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miali na Kiungo Kisichotulia

Wanachama wenzangu,

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe, kwa hivyo sizigusi. Mikutano ilikwenda kama tulivyopanga, isipokuwa ule wa Ramadhani tuliousogeza hadi baada ya Idi. Ada wengi wamelipa; wasiolipa wanajijua.

Nafasi iliyobaki naipa mada iliyotukesha zaidi mwaka huu: tiba ya mionzi kwa saratani iliyo kwenye kiungo kinachosogea. Uvimbe ulio chini ya pafu, karibu na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, huweza kupanda na kushuka sentimita 2 kila mgonjwa anapopumua. Tezi dume nayo husukumwa na kibofu kinachojaa au gesi inayopita kwenye utumbo. Njia ya kale ni kupanua eneo linalopigwa miali, uvimbe usipate pa kutokea. Hapo nyama nzima ya pembeni ndiyo inayoumia.

Wenzetu wa kreni za bandari ya Kilindini ndio waliouchangamsha mjadala, maana kontena linalobembea wanalijua: ukilifuata lilipo, umeshachelewa. Tulipiga hesabu ubaoni. Uvimbe unaosafiri milimita 20 juu na chini katika mzunguko wa sekunde 4 hufikia kasi ya karibu milimita 16 kwa sekunde. Mashine ikichelewa robo sekunde kati ya kuona na kutenda, miali inakosea kwa milimita 4 hivi. Kamera bora haikuondolei kosa hilo. Linaondolewa na utabiri. CyberKnife, mashine ya miali aliyoibuni John Adler, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Stanford, hufanya hivyo: kamera hutazama taa ndogo kifuani bila kukoma, eksirei hupigwa kila baada ya muda, na kompyuta huhusisha miendo hiyo miwili ili ijue uvimbe unaelekea wapi. Mgonjwa akikohoa, utabiri wote unavurugika, na hapo kuzima miali kwanza ni busara kuliko kuukimbiza uvimbe.

Vijana walivutiwa zaidi na mashine zilizounganisha MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku, na mionzi, zilizoanza kutibu wagonjwa Marekani mwaka 2014. Na mimi zinanivutia. Lakini kwa maoni yangu sisi wa Pwani tuanzie pengine. Mgonjwa wa saratani ya titi la kushoto akivuta pumzi ndefu na kuishikilia, moyo husogea mbali na miali. Hapo kinachotakiwa ni kifaa cha kupima pumzi na mtaalamu mwenye subira ya kumfundisha mama kwa Kiswahili anachokielewa, kabla hajalazwa mezani. Wanachama wetu wa idara za mionzi walilisema hili vizuri kuliko sisi wahandisi.

Wanafizikia wa tiba wa Marekani walishauri katika ripoti yao ya 2006 kwamba mwendo ukizidi milimita 5 utafutiwe dawa. Kabla ya kuutafutia dawa, lazima upimwe. Kwa hivyo kamati inaleta ombi moja: tuunde wenyewe kifua bandia kinachopumua, yaani mota, reli fupi na kipande cha plastiki chenye filamu ya kunasa miali ndani, tuwaazime wanaotaka kujaribu mipango yao ya tiba kabla ya kumgusa mgonjwa. Mota ipo, imetolewa na mwanachama mmoja asiyetaka atajwe. Reli na filamu zitatoka kwenye mfuko wa chama mkiridhia. Kura itapigwa baada ya chai.