Harambee ya mikebe, Michuki Park: tumebakisha 50,600

Habari zenu wazazi, majirani, na nyinyi mliohama Ngara kitambo lakini bado mko kwa grupu ya WhatsApp mnasoma tu kimyakimya, leo nawaomba mseme kitu, hata kama ni mia mbili.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao tunarudi Michuki Park na ule mchezo wa kutafuta mikebe kwa simu, ambao wenyewe wanauita jiokashingi na watoto wetu wanauita tu "mikebe". Mara hii tumealika watoto wa Korogocho, kwa sababu Mto Nairobi ni ule ule, unatoka Ondiri huko Kikuyu unapita hapa kwetu unashuka kwao, na chochote sisi tunaachilia hapa kinawafikia. Nilidhani ni vizuri tujuane hata kwa kitu kingine, si taka peke yake.

Kwa wale hawakuwa siku ile, mchezo uko hivi: mtu anaficha mkebe, anaandika namba za ramani, S 01° 16 na kitu, E 036° 49 na kitu, wewe unaweka kwa simu unafuata mshale, ukiupata unaandika jina lako kwa kijitabu kilicho ndani, na ukichukua bano ama kishikio cha funguo unaacha kingine cha thamani hiyo ama zaidi, halafu unarudisha mkebe palepale. Hakuna kuchimba, na hakuna chakula ndani, maana panya watafika kabla yenu. Kinachochekesha ni kwamba mkebe wa kwanza kabisa ulikuwa na maharagwe ya kopo. Marekani ilikuwa inaharibu signali ya GPS, ile inayoonyesha uko wapi kwa ramani, makusudi kwa raia, ikaacha tarehe 2 Mei 2000, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo kule Oregon ndani yake akaweka vitu vidogo vidogo pamoja na hayo maharagwe. Sisi maharagwe yetu yatakuwa kwa githeri.

Mara iliyopita tulificha mikebe sita. Kuna msichana wa darasa la sita alikuja na simu ya shosho yake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na namba za umbali zilikuwa zinashuka, mita 40, 22, 9, 4, halafu inaruka 15 anaanza kulia. Nikamwambia weka simu mfukoni sasa, simu ikifika hapo haina maana, tumia macho. Akazunguka ule mti, akainama, akavuta mkebe wa mafuta ya Kasuku kutoka kwa mizizi na akakaa chini hapohapo kwa nyasi akiufungua polepole kama zawadi. Shosho alipoambiwa jioni aliuliza kama walipata pesa ndani.

Minne ndio ilipatikana na watoto, miwili ilikuwa ya chuma na nadhani ilipatikana na wale wa kuokota vyuma, siwalaumu, chuma ni chuma. Kwa hivyo mara hii yote ni plastiki, inayoonekana ndani, imeandikwa nje ni ya nini, na barua ya ruhusa ya wasimamizi wa bustani tunatembea nayo, kwa sababu Nairobi hii ukiacha boksi lisilo na jina chini ya mti, karao watafika kabla ya watoto.

Sasa kilichonifanya niandike hii harambee. Ile siku baada ya kutafuta tulianza kuokota taka, wachezaji wa huu mchezo dunia nzima wana hiyo desturi tangu 2002, unakuja na mkebe unatoka na gunia. Hatukuwa na gambuti, tulikuwa na glavu kumi na mbili kwa watoto karibu sitini, wanavaa mkono mmoja mmoja. Kijana mmoja akaona chupa kwa ukingo, akateleza, mguu ukaingia mpaka goti. Maji ya huo mto mnayajua. Tulimsafisha na maji ya kunywa ya wenzake, hatukuwa na sabuni hata kipande, na mama yake aliponipigia usiku nilijua naenda kuchapwa maneno, kumbe alikuwa anauliza tu kama dettol inatosha ama ampeleke hospitali. Kijana yuko sawa. Lakini mimi ndio katibu wa chama chetu na ni mimi nilisema "tutajipanga tukifika", so hilo ni langu.

Safari hii ukingoni wataenda watu wazima pekee na wote wana gambuti, watoto wanabaki juu kwa nyasi. Bajeti yote ni KSh 82,000. Gambuti jozi 30 zinameza 21,000, chakula cha watu 130 ni 19,500 (githeri, chapati na chai, chapati zinapikwa na akina mama wetu wenyewe ama ingekuwa zaidi), magari mawili kutoka Korogocho kwenda na kurudi ni 16,000. Hizo zingine ni glavu, magunia, mikebe, bando, na nesi wa kukaa pale na sanduku lake siku nzima, sitaki tena kuuliza nani ana sabuni. Tumeshachanga 31,400, imebaki 50,600.

Mtu aliniuliza si mngetoza kiingilio. Mchezo ni wa bure, na kwenye tangazo la mchezo lenyewe huruhusiwi kuchangisha pesa, ndio maana nawasumbua hapa. Na pia mtoto wa Korogocho utamtoza nini?

Ile bustani wazee wanaikumbuka ikiwa jalala kabla marehemu Michuki, yule wa sheria za matatu, aingie wizara ya mazingira na kuisafisha, ikalala tena, ikafunguliwa upya 2020. Ndugu zetu wa spea wa Grogan na Kirinyaga Road, nyinyi mko hapo tu jirani, mto unapita nyuma ya maduka yenu, nitapita Jumatano na daftari, tafadhali msijifiche.

Pesa zinaenda kwa mweka hazina kwa ile namba ya chama, si kwa simu yangu, na kila Ijumaa jioni nitaweka hesabu hapa, jina na kiasi, ukitaka jina lisionekane niambie. Kama huna pesa leta mkebe, tunahitaji ishirini, ama njoo siku yenyewe saa mbili asubuhi utusaidie kubeba magunia. Msilete mikebe ikiwa na mafuta bado ndani, osheni kwanza, mara ya mwisho kijitabu kilinukia mandazi.